Mvinyo Unaofaa Makande ya Matanga

Lori lilikuwa limeshapita kizuizi cha mwisho cha mji wakati Nyamizi alipokumbuka kwamba hakumwambia mtu nyumbani alikoweka chumvi. Alisema hivyo bila kugeuka. Alikuwa amekaa juu ya kreti za chupa tupu, sufuria ya makande katikati ya miguu yake, kitenge kimefungwa juu ya mfuniko. Mimi nilikaa mbele yake nikiishika sufuria kwa mikono miwili kila lori lilipoingia shimoni. Nikamwambia wataitafuta. Akasema ndiyo, wataitafuta.

Nchi hiyo siwezi kuitaja jina. Si kwamba naogopa. Nilipokuwa huko jina lilikuwa limepelekwa kufanyiwa marekebisho, na mpaka naondoka lilikuwa halijarudi. Watu walisema tu "hapa kwetu", wakaelewana.

Safari yetu ilikuwa ya jambo dogo. Mume wa Nyamizi, marehemu Kapufi, fundi baiskeli, alifariki kabla ya mvua. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha na matanga hayajaanuliwa, kwa sababu makande ya kuanulia matanga yalikuwa hayajapatiwa mvinyo wake. Tulikuwa tunakwenda makao makuu kuyatafutia.

*

Msomaji ambaye hajafika huko atauliza, makande na mvinyo wapi na wapi. Hata mimi niliuliza, nikashauriwa nisirudie.

Ilianza hivi. Mtukufu, kiongozi wa nchi ile, alialikwa karamuni ng'ambo. Akaletewa samaki. Akaulizwa atakunywa nini, akasema mvinyo mwekundu, kwa kuwa alikuwa anapenda rangi nyekundu. Mhudumu hakusema neno. Aliinua nyusi. Nyusi moja tu, tena kidogo, kisha akaenda kuleta alichoagizwa.

Mtukufu alikatiza ziara akarudi nyumbani na kujifungia ndani. Mawaziri wakapeana zamu ya kukaa nje ya mlango wake, huku mke wake akiwapelekea chai. Alipotoka alihutubia taifa kwa redio, na hotuba ile ikachapwa, ikabandikwa kila mahali, hata kwenye mlango wa choo cha stendi, ambako ndiko niliisomea.

"Ndugu wananchi," ilisema, "wamenidharau mimi, maana yake wamewadharau ninyi. Tulidhani adui zetu ni njaa na homa. Kumbe adui ni nyusi. Kuanzia leo hakuna raia atakayekula chakula chochote, popote, bila mvinyo unaokifaa kwa mujibu wa sayansi. Hakuna mtu wangu atakayeinuliwa nyusi tena. Nimemaliza."

Ikaundwa Wizara ya Ulinganifu wa Mvinyo na Chakula. Nchi haikuwa na hata mzabibu mmoja, kwa hiyo mvinyo ukaagizwa. Kila chakula kikaanza kutafutiwa mwenzake, na kile ambacho hakijapata kikaitwa chakula kisubiri. Chakula kisubiri ni marufuku kuliwa. Maziwa ya mama yaliruhusiwa kwa muda, huku kamati iliyopelekwa ng'ambo ikiendelea kuchunguza.

Wasiokunywa, kwa dini au kwa tumbo, walipeleka malalamiko yao kwa adabu. Wakajibiwa kwa adabu vilevile kwamba sheria haimlazimishi mtu kunywa. Inalazimisha chupa isimame mezani. Hivyo shehe na mchungaji wa mji ule wakawa wanakula, kila mmoja kwake, chupa imesimama mbele yao imefunikwa kitambaa, na wizara ikasifiwa kwa kuheshimu imani.

Chupa hazikutosha. Kila mtaa ukapewa moja ya ugali na dagaa, moja ya wali na maharage, moja ya muhogo wa kuchemsha. Zilipita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mwanzo ikimaliza kula, chupa inatoka inakwenda ya pili. Walioishi mwisho wa mtaa walikula chakula cha mchana jua likizama, cha jioni wakakila asubuhi, na chai hawakuiona tena. Chupa zenyewe zilikuwa hazifunguliwi, maana ikifunguliwa itakwisha na mtaa utashinda njaa. Zile tupu tulizokuwa tumezikalia kwenye lori zilitoka maofisini, ambako zilifunguliwa kwa uchunguzi.

Kila jioni redio ilitoa somo. Mvinyo fulani una mwili. Una ukakasi wa wastani na umalizio mrefu, yaani ladha inayobaki kinywani. Una harufu ya ngozi ya farasi na ya tunda fulani la porini. Farasi nchi ile hawapo na tunda hilo haliko, lakini watu walishika maneno. Niliwasikia wanawake wawili bombani.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka na mwili kiasi."

"Na umalizio?"

"Mrefu, mwenzangu. Mrefu."

Walisema hivyo bila kucheka, wakajitwisha ndoo zao.

*

Mimi niliingia msibani kwa Kapufi kama waingiavyo wapita njia wote. Niliona moshi mkubwa na watu wengi, nikajua kuna chakula, nikaenda kutoa pole. Ilikuwa siku ya mazishi. Nikapewa wali na maharage, chupa ya mtaa imesimama katikati yetu. Nilipokuwa nanawa, mdogo wake marehemu, mtu mrefu aitwaye Ndalahwa, akanijia.

"Mzee, umekula?"

"Nimekula, namshukuru Mungu."

"Basi wewe ni wetu," akasema, akanionyesha mkeka.

Desturi ya watu wale ni hii. Aliyekula chakula cha siku ya mazishi haondoki mpaka ale makande ya kuanua matanga, anayoyapika mjane mwenyewe kwa mkono wake. Akiondoka kabla, anaondoka na kifo mfukoni, anakipeleka kwake. Kwa kawaida ni shughuli ya siku chache. Na kuna la pili, ambalo ndilo lenye uzito. Mjane halii. Waliokuja wanamlilia yeye, ndiyo kazi waliyoijia. Zamu yake inafika wageni wote wakishakula na kutoka, mlango ukafungwa. Hapo analia anavyotaka na hakuna wa kumwambia anyamaze.

Makande ya kuanua matanga yalikuwa chakula kisubiri.

Kwa hiyo tulikaa. Jioni ile ile ya mazishi aliletwa Koplo Mashimba kuhakikisha kwamba makande hayaliwi. Alifika na njaa, akakaribishwa wali uliobaki, akala. Alipoambiwa desturi akaomba mkeka. Mwanzoni watu walilia kwa bidii. Baadaye wakalia kwa zamu. Mvua zilipoanza, kulia kukaachwa, wanaume wakacheza bao, wanawake wakasukana. Wawili walichumbiana. Ndalahwa alihamia kitanda cha marehemu, akisema mgongo wake hautaki mkeka. Nyamizi alipika, alichota maji, alifagia, akapika tena. Kila mtu aliyepita karibu naye alimwambia pole, naye alijibu asante.

Mimi nimezoea kutembea, miguu yangu haikupenda jambo hili. Lakini kifo mfukoni sikukitaka, ingawa sina kwangu pa kukipeleka.

Ndalahwa ndiye aliyemsumbua zaidi. Alikuwa anamfuata mpaka jikoni, akisimama mlangoni na kikombe chake.

"Shemeji, makande lini? Ulituita msibani au umetuandikisha jeshi?"

"Wizara, shemeji."

"Mke wangu atanisahau sura."

"Basi nenda."

"Niende na kifo mfukoni? Mke wangu amekukosea nini?"

Nyamizi alimmiminia chai, shemeji akaondoka nayo. Mimi nilikuwa pale nachambua maharage. Akaniambia, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia maharage yana mawe, "Babu, mimi nataka watoke tu. Nimejaa mpaka hapa." Akagusa koo. "Nikiinama kufagia naogopa nitamwagika mbele za watu."

Nikamuuliza kama anaumwa mahali.

"Siumwi. Hata chakula sisikii ladha. Nataka nyumba iwe yangu asubuhi moja, nimlilie mume wangu, basi."

Ndipo likaja wazo la kwenda makao makuu. Mjane hasafiri peke yake, lazima afuatane na mmoja wa waliokula, na anayefuatana na mjane hahesabiwi kuwa ameondoka. Wengine wote walikuwa na sababu. Ndalahwa alikuwa na mgongo. Nikaenda mimi.

*

Jumba la Ulinganifu lina ngazi nyingi kwa mbele, na juu ya ngazi zile kulikuwa na foleni ya watu wenye sufuria. Kila chakula kisubiri cha nchi ile kilikuwa na mtu wake pale. Tulimkuta mwenye matembele, mwenye kisamvu, mwenye supu ya makongoro, na ajuza mmoja mwenye uji wa wazazi, wa binti yake aliyejifungua, na mjukuu mwenyewe alikuwa ameshaanza shule. Mbele yetu alisimama bwana mmoja mpole, Mzee Chubwa, ambaye alikuja na kumbikumbi. Msimu wa kumbikumbi ulikuwa umepita akiwa foleni. Sufuria yake ilikuwa tupu. Nilimuuliza anasubiri nini, akasema anashika nafasi.

Watumishi wa jumba lile hawakuwa na nyusi. Zilinyolewa kwa waraka, kama hatua ya tahadhari. Mtu asiye na nyusi hufanana na mtu aliyetoka kupewa habari ambayo bado hajaielewa, kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa na sura hiyo. Walitupokea vizuri, wakatuonyesha nafasi yetu kwenye foleni.

Makande yalichacha. Nyamizi akayamwaga, akaazima mafiga pale chini ya ngazi, akapika mengine. Nayo yakachacha. Wizara ilikuwa na huruma, iliruhusu kupika chakula kisubiri mradi kisiliwe. Mchana kantini ilituletea wali, na chupa yake ikapita juu ya ngazi mkono kwa mkono, kila mtu akiishika kidogo, anakula matonge mawili, anampa wa nyuma. Nyamizi alipika, akamwaga, akapika. Mtu akimwangalia angesema anafanya kazi ya kawaida ya nyumbani, isipokuwa nyumba haikuwepo.

Siku tuliyoitwa, makande yalikuwa bado ya moto.

Mlinganishi Mkuu aliitwa Daktari Kasongwa. Alisomea mambo haya huko huko ng'ambo, na ulimi wake ulitangazwa kuwa mali ya taifa. Kila chakula alikionja kwanza faraghani, kisha akatoka ukumbini kutangaza matokeo mbele ya vipaza sauti vya redio, na watu wakapiga makofi. Tulimkuta katika chumba kidogo chenye dirisha, amekaa mbele ya meza yenye kijiko kimoja. Msaidizi wake alisimama nyuma. Sura yake Daktari ilikuwa ya mtu anayesubiri gari ambalo halina uhakika.

Akachota kijiko, akatafuna, akaangalia dirishani. Akachota kingine.

"Nasikia moto," akasema. "Halafu kitu laini, halafu kitu kigumu. Kigumu ni mahindi?"

"Ni mahindi, baba," akasema Nyamizi.

"Yana chumvi?"

"Niliweka. Sijui kama imekolea. Mimi pia sisikii."

Daktari akaweka kijiko chini. Akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini?"

"Tangu mume wangu."

"Mimi tangu jino," akasema. Akatueleza, kwa maneno machache, kwamba mwanzoni mwa kazi aliumwa jino, akadungwa sindano ya ganzi ili ling'olewe, na ganzi haikutoka. Jumba zima linajua. Lakini mali ya taifa haiwezi kutangazwa mbovu bila azimio la bunge, na hakuna mbunge aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

"Mtu anaishije nayo?" Nyamizi akauliza.

"Anazoea, mama. Anakula kwa saa."

Walitazamana wote wawili. Kwa kweli hawakuonekana kusikitika. Walionekana kama watu waliokutana kituoni wakagundua wanatoka kijiji kimoja.

Kwa kuwa ulimi haukumsaidia, Daktari Kasongwa alikuwa analinganisha kwa shughuli. Chakula cha harusi alikipa mvinyo wa sherehe, cha wagonjwa akakipa mwepesi. Akageuka kwa msaidizi akauliza kama katika mvinyo wote wa nchi upo uliosajiliwa kwa shughuli ya kufa. Msaidizi akafikiri, akasema upo mmoja.

"Basi huo," akasema Daktari, akasimama, akavaa koti.

Ukumbini alitangaza kwa sauti nzuri sana, maana sauti haikuwa na ganzi. "Makande ya kuanua matanga, chakula chenye mwili mzito na umalizio wa heshima, yamelinganishwa na Mvinyo wa Hifadhi ya Taifa, chupa moja, iliyotengwa kutolewa ghalani na kufunguliwa siku ya mazishi ya Mtukufu."

Watu walianza kupiga makofi kwa mazoea. Kisha makofi yakakatika mstari kwa mstari, kuanzia mbele, walikokaa wakubwa. Kwa nyuma mtu mmoja aliendelea kupiga peke yake mpaka akashikwa mkono.

*

Sasa sikiliza jinsi raia wa nchi ile walivyo watiifu. Nyumba zilizokuwa na matanga yasiyoanuliwa hazikuwa chache, na zote zilisikia redio. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wametaka mvinyo utajwe, umetajwa. Kilichobaki ni kuwa tayari. Na makande hayapikwi kwa dakika moja, mahindi yanahitaji kulowekwa. Basi wakaloweka.

Ilikuwa nia njema kabisa. Watu waliokuwa hawajali siasa wakaanza kuulizia afya ya Mtukufu. Wakikutana sokoni, "Ameamkaje leo?" "Nasikia anakohoa kidogo." "Mungu mkubwa." Siku moja Mtukufu alipokuwa anahutubia wakulima alipiga chafya, ikarushwa moja kwa moja, na kabla ya jioni hapakuwa na maharage katika soko lolote. Lori lililotubeba kurudi lilipita vijiji ambako nje ya kila mlango kulikuwa na ndoo ya mahindi yamelowa. Dereva wetu, Mhoja, alipunguza mwendo akatazama.

"Wanasubiri nini hawa?" akaniuliza.

Nikamwambia wanasubiri sheria itimie.

Serikali ikaona ndoo. Kuloweka mahindi kukapigwa marufuku, lakini ikaonekana kwamba haitoshi, maana mtu anaweza kuloweka moyoni. Bunge likaitwa. Waziri wa Ulinganifu akasimama akazungumza mpaka kinywa kikamkauka. Nilimsikia redioni, nimekaa juu ya kreti, Nyamizi pembeni yangu.

"Mheshimiwa Spika, makande ya kuanua matanga hayapo, wala hayajawahi kuwapo. Ni uzushi. Na kwa kuwa hayapo, hakuna matanga yanayosubiri kuanuliwa. Na kwa kuwa hakuna matanga, Mheshimiwa Spika, hakuna aliyekufa. Naomba kutoa hoja."

Hoja ikaungwa mkono, ikapita. Marehemu wote ambao matanga yao hayakuanuliwa wakarudishwa kuwa hai, na ikasomwa salamu ya kuwapongeza.

Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitenge akaangalia kama makande yamemwagika.

*

Tulipofika nyumbani tuliwakuta wote kama tulivyowaacha. Chumvi waliipata. Kesho yake akaja Mkuu wa Wilaya na msafara, amebeba keki, na mvinyo wa keki umebebwa na mtu mwingine. Wageni wa msiba wakasogea ukutani kuwapisha. Mkuu wa Wilaya akamshika Nyamizi mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, mama. Mumeo yu hai."

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Nilimvalisha mimi," Nyamizi akasema. "Mimi na dada yake."

"Mlifanya vizuri. Hata mtu aliye hai huvalishwa."

"Atarudi lini?"

"Hilo lina wizara yake, mama. Sisi tumeleta furaha tu."

Akaeleza yaliyobaki kwa upole. Kwa kuwa Kapufi ni mzima, wageni waende makwao, hapa hapana msiba. Na mtu yeyote atakayemlilia Kapufi atakuwa anamchuria raia aliye hai, jambo ambalo sasa ni kosa lenye kifungo. Alisema hivyo huku anakata keki. Akauliza kama kuna swali. Ndalahwa akauliza kama kaka yake, kwa kuwa yu hai, atakitaka kitanda chake. Mkuu wa Wilaya akasema hilo ni la kifamilia.

Msafara ukaondoka. Sisi hatukuondoka. Hakuna aliyesema kwa nini, lakini kila mmoja alikuwa anajua kuwa hajala. Koplo Mashimba alisimama mlangoni kama kawaida. Aliagizwa ahakikishe watu wanatawanyika, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Nyamizi alikaa kwenye kigoda akitazama keki. Nadhani alikuwa anapima. Upande mmoja kifungo, upande mwingine nyumba ile, na watu wale, na koo lile, mwaka hadi mwaka. Lakini nadhani tu, uso wake haukusema kitu. Kisha akainuka akaloweka mahindi, mbele yetu sote, kwenye ndoo ya kuogea.

Asubuhi akatoka kuchukua kuni. Alipotaka kurudi ndani Koplo alikuwa kasimama katikati ya mlango.

"Nipishe, baba."

"Unapika nini, mama?"

"Makande."

"Makande hayo hayapo. Sheria imesema."

"Basi napika kitu ambacho hakipo."

Koplo alifikiri. Nilimwona akifikiri, ni kitu kinachoonekana kwa mtu aliyevaa kofia. "Kisichokuwepo siwezi kukizuia," akasema mwishowe. Akampokea kuni akaziingiza jikoni.

Tulikula kwenye masinia, kwa mkono, na maji ya mtungini. Chupa haikuwepo yoyote. Hakuna aliyesema ni matamu na hakuna aliyesema ni mabaya. Tulikuwa tumeyangoja muda mrefu hata hamu ilikuwa imekwisha kitambo, tulitafuna kama watu wanaomalizia kazi. Kila aliyemaliza alinawa, akampa Nyamizi mkono, akasema, "Tumeanua," akachukua mzigo wake. Wale wachumba walitoka pamoja. Koplo alikula amesimama, akanawa, akatoka.

Ndalahwa alikuwa karibu wa mwisho. Alikuwa amekunja shuka la kaka yake vizuri.

"Shemeji, mimi naenda."

"Nenda, shemeji."

"Ulikuwa msiba mzuri."

"Asante."

Nikabaki mimi. Nikampa mkono, nikasema tumeanua. Akaniambia nichukue makande ya njiani. Nikamwambia nimeshiba. Akasema haya babu, na kabla sijafika uani nikasikia komeo.

Koplo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara anafunga kamba za buti. Tulisikia wote wawili. Sauti yake ilianza chini, kama mtu anayesukuma kabati, kisha ikapanda, na haikuwa na maneno ndani yake ila jina la mumewe. Majirani walifungua madirisha, kisha wakayafunga. Koplo alimaliza buti moja, akaanza la pili. Mimi nilishika njia. Nilisikia mpaka karibu na daraja, na pale sikuwa nimesikia mwisho wake.

*

Ndalahwa alifika kwake akamkuta mkewe ameolewa na mtu mwingine, mwenye duka. Aliomba akae siku chache, wakamruhusu, yuko huko.

Mhoja bado anaendesha lori. Anasema chupa tupu zimeongezeka.

Mzee Chubwa alibaki foleni mpaka msimu mwingine, akaletewa kumbikumbi wabichi, akafika mbele. Walipewa mvinyo mtamu. Hiyo chupa haijafika wilayani kwake.

Daktari Kasongwa alishitakiwa kwa uhaini. Ikaonekana kwamba ulimi ni mali ya taifa na hauwezi kufungwa, na yeye hawezi kufungwa bila ulimi. Ukahamishiwa makumbusho. Anaripoti huko kila siku ya kazi, anafungua kinywa wanafunzi wauone, anakwenda nyumbani.

Mtukufu alifariki mwaka uliofuata, akiwa mezani. Lakini sheria inayosema hakuna aliyekufa ilikuwa haijafutwa, na mwenye mamlaka ya kuifuta ni yeye. Anaendelea kutawala. Chupa ipo.

Kapufi alipiga kura.

Koplo Mashimba alitoa ushahidi mahakamani. Alisema alimsikia mshitakiwa akimlilia mtu aliye hai, tangu asubuhi hadi mchana, na kwamba alikwenda kumkamata alipopata maelekezo. Aliulizwa kama alikula chochote katika nyumba ile. Akasema hakula kitu kilichopo. Akapandishwa kuwa sajenti.

Nyamizi alikubali kosa. Alifungwa, akatoka. Nilipopita tena nilimkuta anapalilia nyuma ya nyumba, amenenepa kidogo, ana meno mawili pungufu. Tulikaa kivulini kwa ukuta. Nikamuuliza kama siku ile alimaliza. Akasema hapana, walivunja mlango kabla. Alimalizia gerezani, kidogo kidogo, maana chumba kilikuwa na watu wengi.